Popo Darini? Sumu Iache Dukani

Majirani huniuliza dawa ya kuua popo, nami jibu langu ni lilelile: usiwaue, watoe. Kwetu walikaa darini miaka mingi, wale wadogo wala wadudu, na tuliwatoa bila kuua hata mmoja.

Nashikilia hili kwa sababu ya Kitaka. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi huo wa magharibi mwa Uganda waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayoweza kuua, na watafiti wakakuta virusi hivyo kwa popo wala matunda waliojazana humo. Popo wakaangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena, safari hii Ibanda, jirani na mgodi. Popo wachache walikuwa wamerudi Kitaka, na walipopimwa, asilimia 13 walikuwa na maambukizi. Kabla ya mauaji yale ilikuwa asilimia 5.

Wa darini si wale wa mgodini, najua. Lakini popo aliyekula sumu huanguka uani akitapatapa, na wa kwanza kumwokota ni mtoto.

Basi jioni kaa nje utazame wanatokea wapi. Kwetu ilikuwa upenyo chini ya bati, upana wa kidole gumba, na ukutani chini yake doa jeusi la mafuta ya miili yao. Ukiona makinda darini, subiri kwanza mpaka waweze kuruka. Ukiziba mapema watafia ndani. Halafu ziba nyufa zote isipokuwa huo mmoja. Hapo pigilia wavu laini wa plastiki kwa juu na pembeni, chini uning'inie wazi. Popo huteleza akatoka, ila kurudi hawezi. Uache usiku kadhaa, ukiona hatoki tena yeyote, ziba kwa saruji.

Kinyesi usikifagie kikiwa kikavu, tafadhali. Vumbi lake huweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji mpaka kilowe, ndipo ukizoe.

Na popo akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie daktari waziwazi kuwa ni popo, ili aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Meno yao ni madogo mno, jeraha laweza lisionekane kabisa. Nenda hata hivyo.