Maswali yenu: ubongo wa mbele wa samaki huanzaje?

Nakaanga samaki Tanga. Nikipasua kichwa cha sato nakuta madonge madogo meupe. Ubongo wa mbele ni upi?

Yale mawili makubwa ya katikati yasikudanganye, dada. Hayo ni ya ubongo wa kati na hupokea habari kutoka machoni. Sogea upande wa pua utaona mengine mawili madogo. Hiyo ni telensefaloni, sehemu ya mwanzo kabisa ya ubongo wa mbele. Sehemu nyingine imejificha chini. Hata retina, utando wa ndani ya jicho unaonasa mwanga, ilichipuka kutoka ubongo wa mbele samaki akiwa bado ndani ya yai. Kwa hiyo mteja wako anayefyonza jicho ameshaanza kula ubongo.

Nani ameona haya yakitokea ndani ya yai? (Kidato cha nne, Morogoro)

Yeyote mwenye hadubini. Danio rerio, samaki mdogo wa mito ya India na Bangladesh mwenye mistari kama ya pundamilia, hutaga mayai yanayopitisha mwanga kama kioo. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyemwingiza kwenye jenetiki. Makala yake mashuhuri ilitoka 1981. Maji yakiwa na nyuzi 28.5 za Selsiasi, saa 10 tu baada ya yai kurutubishwa bamba la neva, yaani tabaka la seli litakalokuwa ubongo, limeshatandazwa. Ikifika saa ya 24, ubongo wa mbele, wa kati na wa nyuma unatofautika, na moyo unapiga.

Seli zote zina jeni zilezile. Nani huziambia za mbele ziwe za mbele? (Muuguzi, Mombasa)

Hapa ndipo ninapopapenda. Tungetegemea pawe na amri ya "kuwa kichwa", kumbe amri yenye nguvu ni ya "kuwa nyuma". Huletwa na protini za kundi la Wnt, na ubongo wa mbele huota pale amri hiyo inapozimwa. Danio wenye hitilafu iitwayo masterblind wamepoteza breki ya Wnt: hukosa macho, na telensefaloni yao hudumaa. Mwaka 1998 mtafiti Corinne Houart na wenzake walionyesha kuwa kuna seli chache kwenye ukingo wa mbele kabisa wa bamba zinazolinda eneo hilo. Ukiziondoa mapema, telensefaloni haijengeki sawasawa. Ukizipandikiza nyuma kidogo, majirani zake wapya huanza kuwasha jeni za telensefaloni. Baadaye ikajulikana kuwa silaha yao ni protini inayoziba Wnt. Walinzi wachache, mji mzima umesalimika.

Ni kweli ubongo wa samaki umepinduliwa nje?

Telensefaloni tu. Kwetu kuta zake huvimba na kujikunja kuelekea ndani. Kwa samaki hawa hufunguka kwenda nje, mithili ya viganja viwili vilivyogusana kisha vikaachana kwa juu. Uwazi wa katikati hufunikwa na utando mwembamba tu.

Nilisikia samaki katotolewa na jicho moja katikati. Ni uchawi? (Mvuvi, Lamu)

Si uchawi. Macho mawili huanza kama uwanja mmoja wa seli, na ishara kutoka tishu za chini yake ndizo huugawa kushoto na kulia. Danio wenye hitilafu ya jeni iitwayo cyclops huikosa ishara hiyo, macho yakaungana. Hali kama hiyo huwapata binadamu pia, mara chache sana, na mtoto huyo haishi.

Mbuna wetu wa Ziwa Nyasa wamo kwenye tafiti hizi? (Mwalimu, Kyela)

Wamo, mwalimu, tena kwa heshima. Utafiti wa 2010 kutoka maabara ya Todd Streelman huko Georgia Tech, Marekani, uliwalinganisha mbuna, wakazi wa miambani, na jamaa zao wa mchangani. Wa miambani wana telensefaloni kubwa zaidi kwa uwiano, wa mchangani thalamasi (sehemu nyingine ya ubongo wa mbele) kubwa zaidi, na tofauti hiyo huanza mapema mno, wakati mipaka ya ubongo inapochorwa. Kisha watafiti waliloweka viinitete vya mbuna kwa muda uliopimwa katika kloridi ya lithi, chumvi inayoipa Wnt nguvu. Ubongo wa mbele ukatoka unafanana na wa samaki wa mchangani. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi viinitete hivyo, kumbuka mbuna jike huatamia mayai mdomoni. Itabidi umfungue kinywa kwanza.