Pampu ya shimoni inawaka na kuzima ovyo

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nyumba yetu hapa Columbus, Ohio, ina chumba cha chini ya ardhi chenye shimo la kukusanya maji na pampu ya kuyatoa nje. Mvua ikishakatika, pampu bado inawaka na kuzima kila baada ya dakika moja. Je, imekufa?
Msomaji, Marekani

JIBU: Haijafa, ila itaungua usipowahi. Tazama shimoni pampu inapozima. Maji yakirudi kwa kishindo, valvu ya kuzuia maji kurudi imeharibika: yaliyojaa bombani yanashuka, yanainua floti (boya linalowasha pampu), na pampu inasukuma maji yaleyale.

Chomoa plagi kwanza. Kinga ndoo, legeza klempu (vibano vya bomba), toa valvu mbovu, funga valvu mpya ya kipimo cha bomba lako (mara nyingi inchi 1½), mshale ukielekea juu.

Kagua pia tundu dogo, kama milimita 3, kwenye bomba kati ya pampu na valvu. Likiziba kwa matope, hewa hunaswa na pampu huunguruma bila kutoa maji. Likirusha maji kidogo, liache. Ndiyo kazi yake.

Mwisho rudisha plagi, mimina ndoo ya lita 20, ikibidi mbili, uone floti inapanda bila kugusa ukuta. Ikinasa, chomoa plagi tena, sogeza pampu katikati.