Jibu: Kisamvu kubaki kichungu

Dada, umesema ulikikatakata kisamvu kwa kisu, ukakichemsha kimefunikwa, kikabaki kichungu. Tatizo ni hapo. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi. Kuyatwanga ndiko kunakoifungua, kisha inatoka na mvuke. Twanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa. Hata cha sokoni kilichotwangwa tayari, kikague, maana mara nyingi hubaki na vipande. Chemsha kwa maji mengi bila mfuniko, dakika 30 hadi 45, ndipo utie tui jepesi. Tui zito litie mwishoni, ukikoroga lisikatike.

Kuna pia kiitwacho kisamvu mpira, lakini huo ni mti mwingine, ndugu wa muhogo. Asili ya yote miwili ni Amerika Kusini, upande wa Brazili.