Abdullah Ibrahim na "The Wedding": Maswali na Majibu

Swali: Nilipousikia wimbo wa "The Wedding" nilidhani ni tenzi ya zamani ya kanisani. Je, nilikosea?

Hukukosea sana. Ni utunzi wa Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa jazi aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934 kwa jina la Adolph Johannes Brand, akakulia katika kanisa la African Methodist Episcopal, ambako bibi yake alikuwa akipiga piano. Sikiliza namna ulivyorekodiwa mwaka 1985 katika albamu ya *Water from an Ancient Well*: saksafoni ya Carlos Ward ndiyo inayoimba, huku sauti za chini zikisogea pamoja, polepole, kama kwaya inayosindikiza sala. Hakuna anayekimbilia kuonyesha ufundi wake, jambo ambalo si la kawaida kwa wanajazi, nami naamini unyenyekevu huo, kuliko jina la wimbo, ndio unaoupa hali ya ibada.

Swali: Lakini alisilimu mwaka 1968. Mbona bado anasikika kama Mkristo?

Kusilimu hakukumtaka asahau alivyofundishwa kusikia. Tena albamu hiyohiyo ina wimbo wa "Tuang Guru", jina la mwanachuoni wa Kiislamu ambaye Waholanzi walimfunga Robben Island katika karne ya 18, naye baadaye akafungua madrasa Cape Town. Wimbo wenye ladha ya kanisa na wimbo wa kumuenzi imamu vinakaa upande kwa upande bila kugombana, kwa sababu mji uliomlea ulikuwa na vyote viwili. Anayetaka kumgawa mtunzi huyu katika mafungu mawili atapata taabu bure.

Swali: Ni kweli kwamba Duke Ellington, mwanajazi mashuhuri wa Marekani, ndiye aliyemtambulisha kwa ulimwengu?

Ni kweli, ila wasimulizi wengi humruka Sathima Bea Benjamin, mwimbaji aliyekuja kuwa mkewe. Walikuwa wameondoka Afrika Kusini mwaka 1962, miaka miwili baada ya mauaji ya Sharpeville, ambako polisi waliwapiga risasi waandamanaji Waafrika, na mwaka uliofuata, mjini Zurich, Sathima ndiye aliyemshawishi Ellington aende kumsikiliza mpiga piano huyo, aliyejulikana wakati huo kama Dollar Brand. Haikuchukua muda, wakarekodi Paris.

Swali: Je, wimbo wake mwingine, "Mannenberg", nao una hali hiyo ya ibada?

Hapana. "Mannenberg" wa mwaka 1974 unachezeka, una mdundo wa marabi, muziki wa dansi wa vitongoji vya Afrika Kusini, unazidi dakika kumi na tatu, na wananchi waliufanya wimbo wao wa kupinga ubaguzi wa rangi. Ukitaka kumsikia akiwa peke yake, bila bendi, tafuta albamu ya *African Piano*, iliyorekodiwa Copenhagen mwaka 1969. Humo nyimbo huungana moja na nyingine karibu bila kituo, kwa hiyo usiisikilize vipandevipande.