Bendi za roki zilizostahili makubwa: anzia Zambia

Mkuu, umeuliza ni bendi gani ya roki ilistahili kuvuma lakini haikufika mbali. Kabla hujakimbilia Ulaya, anza na majirani zetu wa Zambia: WITCH, bendi ya Emmanuel "Jagari" Chanda. Albamu yao Lazy Bones!! ya 1975 naipiga sana jioni hapa Kirumba, na lile gitaa lenye mkwaruzo bado linanisisimua. Bei ya shaba ilipoporomoka uchumi wa Zambia ukayumba, baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi, na roki ile ikazimika.

Kisha tafuta Death, bendi ya ndugu watatu weusi wa Detroit, Marekani. Walirekodi 1975, albamu ikatoka 2009! David, mpiga gitaa, alishafariki 2000. Hilo linaniuma kweli. Kama uko Mwanza nicheki, nikuwekee kwenye flashi.