Crane: ndege aliyeipa winchi jina lake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni neno gani la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja lililowahi kututatiza, na maana hizo zimetoka wapi. Langu ni "crane".

Nafanya kazi bandarini Dar es Salaam, nahesabu makontena yanaposhushwa gatini. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la tano alinijia na kitabu chake cha Kiingereza. Humo imeandikwa kwamba alfajiri "cranes" ziliruka juu ya ziwa. Neno hilo alilisikia kwangu, na kwake lilikuwa na maana moja tu. Akauliza, "Baba, winchi zinarukaje?"

Nilitaka apate jibu kamili, nikaanza kutafuta. Mwenye jina ni ndege: korongo, yule wa miguu mirefu na shingo ndefu. Waingereza walimwita "cran" zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mashine ilikuja kuazima jina hilo baadaye, katika Zama za Kati, kwa ajili ya umbo lake. Kabla yao, Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, "geranos", kwa ndege na kwa mtambo wa kunyanyulia mizigo. Wafaransa mpaka leo husema "grue" kwa vyote viwili. Ukiitazama winchi ikishusha ndoano taratibu, ikanasa mzigo, ikainuka nao, huwezi kushangaa kwamba watu wa lugha tofauti waliona shingo ileile.

Kilichonigusa zaidi ni neno "pedigree", yaani nasaba. Limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na maana yake ni mguu wa korongo. Waandishi wa nasaba walichora alama ya mistari mitatu kuonyesha nani kamzaa nani, nayo ilifanana na unyayo wa ndege huyo. Ukoo mzima wa watu, na mababu zao, umepewa jina la alama ya ndege matopeni! Hata ua la geranium limeitwa kwa jina lake la Kigiriki, kwa kuwa tunda lake lina ncha kama mdomo wa korongo.

Jirani zetu wa Uganda wamemweka korongo taji katikati ya bendera yao tangu 1962, kainua mguu mmoja, na timu yao ya taifa ya soka inaitwa The Cranes kwa sababu yake.

Nasi neno letu lina sura mbili. Korongo ni ndege, na korongo ni bonde lililochimbwa na maji, kama lile la Olduvai. Ila sisi tuna ngeli: korongo yule anaruka, korongo lile limejaa mchanga. Neno linalofuata tu linakwambia kinachosemwa. Mwingereza hana msaada huo, na ndiyo maana mtoto alikwama.

Jumamosi tulipanda kivuko kwenda Kigamboni. Kwa mbali winchi za bandarini zilionekana, baadhi hazina meli, mikono imeinuliwa juu. Mwanangu alishika chuma cha ukingoni, akazitazama mpaka tukakaribia ng'ambo.

"Baba," akasema, "yule wa mwisho anangoja meli?"