Anzia kwenye mfongo

Mwalimu, umeuliza uanzeje somo la mifumo ya teknolojia na kidato cha kwanza wakati shule haina kompyuta. Hapo Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, wapeleke kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia mashamba. Wafuate maji kutoka banio la mtoni, pale yanapochepushwa, mpaka kihambani kwa mtu, yaani shamba la migomba la nyumbani, waone yanavyozibwa kwa mawe, udongo na magome ya migomba ili yageukie shamba lenye zamu. Wasiishie kutazama mfereji, tafadhali! Wazee wanaopanga zamu nao ni sehemu ya mfumo; wasipoelewana, maji hayafiki chini. Kisha waulize: mifongo ilikuwepo kabla ya Wajerumani kuja, mbona siku hizi mingine inajengewa saruji? Udongo hunywa maji mengi njiani. Na saruji ikipasuka, nani anatengeneza? Hapo waache wabishane.